Kichwa cha Naliaka na Wazee Tisa

Alhamisi, 31 Agosti 2006. Kitengela.

Baridi ya Agosti na vumbi, vyote kwa mpigo mmoja. Upepo unatoka upande wa Athi River na unga wa simiti, na uwanda wote umekauka rangi ya gunia. Niko kwa saiberi, duka la kukodi kompyuta, ghorofani juu ya duka la dawa za mifugo, saa tisa mchana. Duka langu la matairi nimefunga. Wanaouliza nimewaambia naumwa na jino.

Siumwi na jino.

Nyinyi mnaonisoma hapa kwenye blogu mmenizoea na vituko. Mnajua habari ya tanboi wangu, msaidizi wa trela, aliyelala juu ya magunia ya chumvi akaamkia nchi nyingine. Mnajua nimeendesha trela kutoka Mombasa mpaka Lubumbashi, naongea lugha saba na matusi ya lugha kumi na mbili, na hakuna nati imewahi kunishinda kufungua. Yote hiyo ni kweli, ama karibu. Shule niliachia kidato cha pili, na bado wenye digrii wanakuja kwangu kuuliza kwa nini gari lao linavuta kushoto.

Leo sina kituko. Nataka kuandika kile nilifanya Jumamosi, kwa sababu kule nyumbani hakuna mtu anataka kusikia sauti yangu. Na wana haki.

Binti yangu anaitwa Naliaka. Ana miaka kumi na tano. Ukimwona amesimama tu, ni msichana mrefu, mrembo, amefanana na mamangu aliye Bungoma. Ukikaa naye saa moja ndiyo utaona. Maneno yake ni machache na ni yale yale. Vifuniko vya soda anavipanga kwa rangi, na ukisogeza kimoja atajua. Mlango ukigongwa kabla hajaambiwa kuna mtu anakuja, anaziba masikio na kujipiga kifua. Miaka mingi tuliambiwa ni laana, ni malaria iliyompanda kichwani akiwa mdogo, ni mamake alimnyonyesha akiwa na hasira. Mama Naliaka ni karani, mtu wa kusoma na kuandika, lakini hilo la kunyonyesha lilimliza miaka.

Mwaka jana ndiyo tulipata jina lake: usonji. Tulilipata Kajiado, kwa muuguzi wa mambo ya akili anayeitwa Sista Damaris, mwanamke mfupi asiyecheka ovyo. Nikiingia kwake nilimtupia mizaha mitatu, ile yangu ya uhakika. Hakucheka hata mmoja.

"Baba Naliaka, kaa," akaniambia. "Tumsikilize mtoto kwanza."

Mtoto hakusema kitu. Sista akamsikiliza hivyo hivyo, nusu saa nzima.

Halafu akatueleza. Usonji si kitu cha kutibiwa kikaisha, ndivyo Naliaka alivyo. Kile kinamwumiza ni wasiwasi. Ile hofu inayomkaba mpaka anaacha kula, mpaka anaogopa mlango wa nyumba yao wenyewe. Hiyo ndiyo iko na matibabu.

Na hofu ya Naliaka iko mahali pamoja. Kichwa.

Lazima nieleze kwa wale hawajakaa huku. Sisi ni watu wa kuja, ploti yetu tuliuziwa na jirani yetu, Mzee Sironka. Kwa Wamaasai mtoto hampi mzee mkono. Anainamisha kichwa, mzee anaweka kiganja juu ya utosi, anasema "Supa," mtoto anajibu "Epa," basi, ameheshimu na amebarikiwa. Watoto wa sisi tuliokuja wamejifunza hivyo hivyo na wazee wanafurahi sana. Ni desturi nzuri. Mimi mwenyewe nimeisifu kwa kila kijiwe cha madereva kutoka hapa mpaka Kigali.

Lakini kwa Naliaka, mkono juu ya kichwa ni kama maji moto. Kumkata nywele tu, mamake anamwandaa wiki nzima. Na njia yetu ya kwenda barabarani inapita mbele ya boma la Mzee Sironka, pale wazee wanakaa mchana kutwa. Kila akipita, mkono. Akirudi, mikono miwili. Wanampenda, wanambariki, na yeye anafika nyumbani akitetemeka na kujikuna mpaka damu. Alipofika miaka kumi na tatu akaacha kutoka.

Miaka miwili ndani ya nyumba. Mimi niliwahi kulala selo ya polisi ng'ambo ya mpaka siku nne, kwa makosa ya karatasi, na nililia kama mtoto. Naliaka alikaa miaka miwili na hakuna karatasi aliyokosea.

Mwaka huu ikatokea nafasi. Shule ndogo kule Kajiado iko na darasa la watoto kama yeye, wanafundishwa kufuma na kuoka mikate. Gari la shule lingemchukua barabarani. Kuripoti ni Jumatatu hii inayokuja. Mwalimu alisema wazi kwamba kuna wengine wanangoja, asipofika siku ya kwanza nafasi inaenda.

Kwa hivyo Sista Damaris akachukua katoni ya tyubu iliyokuwa kwa gari langu, akaipasua, akachora ngazi. Juu kabisa akaandika kile Naliaka anaogopa. Chini akaanza na kitu kidogo kama kumwona Mzee Sironka kupitia dirishani. Kipimo ni vidole. Ngumi ni hakuna hofu. Vidole kumi ni nimeshindwa, niondoeni. Hatupandi hatua nyingine mpaka vidole vishuke kufika vitatu au vinne, na anayeamua ni Naliaka. Kila jambo aambiwe mapema kwa picha. Hakuna kumshtukiza.

"Na ukimlazimisha hata mara moja, Baba Naliaka," Sista aliniambia, akinitazama mimi tu, kama alikuwa ameshanisoma, "usidhani mtarudi nyuma hatua moja. Mtaanzia chini ya ardhi."

Nilienda kwa Mzee Sironka na aibu zangu. Nitamwambiaje mzee wa watu kwamba baraka yake inamwumiza mtoto wangu? Nikamwambia. Akategemea fimbo yake.

"Kwa hivyo mimi ndiyo dawa."

"Ndiyo, mzee."

"Mtanimeza na maji ama na maziwa?"

Na akakubali. Kuanzia Mei, kila siku saa kumi jioni, mzee wa zaidi ya miaka sabini anaacha wenzake na kuja kusimama kwa ua wetu kama askari wa zamu. Siku ya kwanza Naliaka alimwangalia dirishani, vidole tisa. Ilichukua wiki mbili kufika vitatu. Halafu mlangoni. Halafu hapo kwa waya wa ua. Halafu mzee akainua mkono juu bila kumkaribia, na Naliaka hakukimbia.

Kuna siku moja ya Julai sitaisahau. Naliaka aliweka mkono wake mwenyewe juu ya kichwa chake mwenyewe. Mzee, akiwa mbali kama hatua nne, akasema, "Supa, nakerai." Nakerai kwa Kimaasai ni "ewe mtoto". Naliaka akatazama chini, akasema, "Epa."

Lilikuwa neno jipya la kwanza kwa mwaka mzima. Nilienda nyuma ya tangi la maji nikajifanya natafuta spana.

Kufika katikati ya Agosti alikuwa anashika kidole kimoja cha mzee, anakiweka kwa nywele zake, anahesabu mpaka mbili, anakiondoa mwenyewe. Vidole vinne. Nikampigia Sista simu nikipayuka kama mtu ameshinda uchaguzi.

"Hapo hapo," akasema. "Wazee wengine waambiwe wasimguse, apite njia na Mzee Sironka peke yake. Inatosha kwa shule. Usiongeze kitu."

Usiongeze kitu. Na mimi maisha yangu yote ni mtu wa kuongeza.

Karibu na duka langu kuna bucha ya Njoroge, rafiki yangu. Wiki iliyopita tulikuwa hapo na wateja, na nikaanza. Nikasema hospitali kubwa zimeshindwa lakini mimi, fundi wa matairi, nimemponya binti yangu kwa katoni.

"Wewe?" Njoroge akasema. "Hata hicho kikohozi chako kimekushinda tangu Pasaka."

"Jumamosi mtaona. Ataenda kwa mstari wa wazee wote, mmoja mmoja."

"Huo mdomo wako ungekuwa na magurudumu, Baba Naliaka, ungekuwa umefika Misri."

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka. Lakini lile neno lilikuwa limeshatoka, na mimi mtu akiniambia siwezi, nitaweza hata kama ni kubeba gari.

Jumamosi ilikuwa arusi ya mtoto wa Mzee Sironka. Naliaka alikuwa amekubali kuja. Mamake alimchorea picha nne: njia, hema, soda, nyumbani. Nusu saa, kiti cha pembeni karibu na lango, kisha kurudi. Hakukuwa na picha ya wazee. Mtaelewa hapo kwamba hakudanganywa na mamake.

Alivaa gauni la kijani. Alikaa. Alikunywa soda na kifuniko akaweka mfukoni. Vidole vitatu. Mama Naliaka alikuwa na furaha ile ya kuogopa kuionyesha, akaniambia, "Kaa naye hapa dakika mbili," akaenda kuwasaidia wanawake na sahani.

Dakika mbili.

Wazee tisa walikuwa wamekaa kwa viti, mstari mmoja, kofia na shuka za sherehe. Watoto walikuwa wanapita wakiinama, kichwa, kichwa, kichwa, kama kuku wanaodonoa. Mzee Sironka hakuwa hapo, alikuwa na wakwe. Ilifaa nimngoje. Njoroge alikuwa upande wa pili na ubavu wa mbuzi mkononi. Akainua nyusi tu.

Nikamshika Naliaka mkono. Akasimama akanifuata, kwa sababu ni mimi.

Mzee wa kwanza aliweka mkono. Naliaka akawa mti. Akainua mikono yake miwili mbele ya kifua na kufungua vidole vyote.

Niliona. Nataka iandikwe hapa kwamba niliona. Sitaki kusema kulikuwa na watu wengi, ama ilikuwa haraka. Vidole kumi, karibu na uso wangu, na mimi ndiye nilikuwa nimefundishwa kuvisoma. Nikawachekea watu nikasema, "Ana haya tu huyu." Nikamsogeza kwa wa pili. Shingo yake ikakaza kama chuma. Kwa wa tatu hakuinama tena. Kwa hivyo mimi babake nikaweka mkono wangu nyuma ya shingo yake na nikaisukuma chini.

Yule mzee hakujua lolote. Alikuwa anambariki.

Naliaka hakupiga kelele. Ilitoka sauti kama valvu imeng'oka, hewa tu, ndefu, haiishi. Halafu akaanguka na kuanza kugonga kichwa kwa nguzo ya hema, palepale kwenye utosi, kama mtu anayetaka kuondoa kitu kilichobandikwa. Nilimkumbatia kumzuia na hiyo ikazidisha. Mzee Sironka alikuja mbio na miguu yake ya uzee, akanivuta mimi kando kwanza. Akawafukuza watu wote. Kisha akasimama akimpa Naliaka mgongo, mikono nyuma, na kuwaambia wazee wengine wasimame vivyo hivyo. Wazee wa heshima, kwa arusi, wamempa mgongo msichana wangu kwa mduara ili asitazamwe. Mamake akapita katikati yao.

Zahanati walimshona nyuzi sita.

Huko nje Mama Naliaka aliniuliza swali moja. "Ulimshika wapi?"

"Shingo."

Tangu hapo anaongea na mimi mambo ya maji na gesi tu.

Siku tano sasa. Naliaka amejibana kati ya kitanda na ukuta. Blanketi limetundikwa dirishani. Sahani anawekewa mlangoni na anakula mtu akishaondoka. Nywele za pale walipomgusa anazing'oa, pamebaki kipara cha ukubwa wa stika ya leseni ya gari. Na mimi nikiingia tu nyumbani, hata nikivua viatu, kunasikika kichwa ukutani. Tap. Tap. Kwa hivyo nalala dukani.

Nimejiuliza kwa nini. Si Njoroge, yeye aliinua nyusi tu. Nafikiri ni hivi. Miaka miwili watu wameniuliza, "Na yule msichana wako?" na mimi najibu na mzaha. Nilikuwa nimechoka na mizaha. Nilitaka siku moja nionekane kama baba yule mwingine yeyote, ambaye mtoto wake anainama kwa wazee na watu hawageuki kuangalia. Sikuwa nataka kumponya. Nilitaka kuonwa amepona.

Jumatatu nilienda kuomba msamaha kwa Mzee Sironka. Nilikuwa nimepanga maneno. Alinisikiliza mpaka nikamaliza yote, na mimi huwa na mengi.

"Uliniambia nije pole pole," akasema. "Miezi mitatu na zaidi nimekuja pole pole. Wewe ulikuwa unaharakisha kwenda wapi?"



Leo asubuhi Sista Damaris amefika kutoka Kajiado. Alikuwa ameomba picha za watu wa nyumbani na ya Mzee Sironka, zile za albamu. Akakaa chini sakafuni, kwenye ukumbi, nje ya mlango wa Naliaka ulioachwa wazi kidogo. Mimi aliniruhusu nisimame nje, kwa dirisha la jikoni, nisionekane. Akawa anasogeza picha moja moja kwenye ule upenyo, anangoja. Anangoja kama mtu anayevua samaki.

Picha ya mamake. Ikatoka ngumi.

Picha ya Mzee Sironka. Ikakaa sana. Vikatoka vidole vinne.

Vinne. Kile tulichojenga hakijabomoka. Nikasema kumbe tuko salama, kumbe Jumatatu inawezekana.

Halafu Sista akasogeza picha yangu. Ni ile ninayoipenda, niko Lubumbashi, mguu juu ya bampa, nimecheka meno yote nje. Mikono yote miwili ikatoka kwa ule upenyo. Vidole kumi. Sista akaondoa picha haraka. Mikono haikurudi ndani. Ilikaa hapo nje, imefunguka, kwa muda ambao siwezi kuuhesabu.

Baadaye Sista alinikuta kwa tangi la maji. Nilitaka anitukane. Mimi matusi nayaelewa, ningejua pa kuyaweka.

"Jumatatu haipo," akasema. "Mpigie mwalimu. Mpigie wewe, si mamake, na umwambie ilivyotokea."

Nikamwuliza dawa je, si kuna vidonge. Akasema atamwandikia daktari wa Nairobi barua, huenda akapewa kitu cha kumshusha wasiwasi na kumsaidia kulala, na vinaweza kusaidia. "Lakini hakuna kidonge cha kumsahaulisha ni nani alimshika shingo."

Akaomba katoni. Nikaleta. Akachora ngazi nyingine, na mimi nikangoja aandike wazee hapo juu, ama hema, ama watu wengi.

Akaandika *Baba*.

Mwalimu nimempigia nikiwa nje ya hii saiberi. Nilimwambia kila kitu, hata ya shingo. Alisema pole, kisha akasema kuna msichana mwingine wa Isinya amengoja tangu mwaka juzi. Nikamwambia huyo apewe. Nilimaanisha. Halafu nikaingia hapa nikakaa kwa hii kompyuta, na kijana wa saiberi akaniuliza jino linaendeleaje.

Hatua ya kwanza ya ngazi ni hii. Kuanzia kesho, saa kumi jioni, Naliaka akiwa ameshaonyeshwa picha, blanketi linasogezwa kidogo na mamake. Mimi napita nje, mbali, kando ya ua, kutoka kona moja hadi nyingine. Siiti jina lake. Siimbi. Sikohoi kama naweza. Sisimami. Mikono iwe mfukoni yote miwili muda wote, ili aone iko wapi. Kisha naenda zangu. Kesho kutwa tena, na siku inayofuata tena, mpaka vidole viwe vitatu. Nilimwuliza Sista ni wiki ngapi. Akasema hajui. Inaweza kuwa Krismasi. Inaweza kuwa atakuwa mwanamke mzima.

Nimeendesha trela usukani ukiwa umeachia, kwenye mteremko, na sikuogopa hivi. Mtu aliyeishi kwa mdomo wake, apite mbele ya dirisha la mtoto wake akiwa bubu, na kama atalia, alie akitembea.

Kesho saa kumi nitapita. Suruali ya kazini mifuko yake imetoboka, kwa hivyo nitavaa ile ya kanisani.